Mchicha Kwenye Kitabu cha Magugu

Fungua kitabu cha magugu kilichochapishwa Marekani, na mchicha utaukuta humo. Umepigwa picha vizuri, jani, shina na suke la mbegu, na chini yake yameandikwa maelekezo ya kuuangamiza. Wenyewe wana sababu. Aina moja ya mchicha, inayojulikana kwa jina la Palmer, imewatesa wakulima wa pamba na soya kusini na katikati ya nchi hiyo. Mmea mmoja wa kike hutoa mbegu kwa malaki, na tangu miaka ya 2000 umeizoea dawa ya glifosati kiasi kwamba katika mashamba mengi haufi tena. Minnesota na Ohio zimeuweka kwenye orodha ya mimea iliyopigwa marufuku. Sasa mkabidhi kitabu hicho mama aliyetoka Uvira, Bujumbura au Kigoma, ambaye maisha yake yote amepika lengalenga kwa mawese au mchicha kwa nazi. Hatajua asome au acheke.

Vitabu vya bustani vinauzwa kwa wingi Marekani, Kanada na Uingereza, na vingi ni vizuri. Tatizo ni kwamba kila mwandishi ana msomaji wake kichwani: mtu aliyezaliwa hapo, anayejua theluji inaanza lini na kuisha lini, anayekula letasi na nyanya, na anayetaka maua mbele ya nyumba. Mgeni hayumo. Akiingia dukani akachukua kile chenye jalada la kupendeza kuliko vyote, huenda amenunua picha tu.

Na wageni wenye kuongea Kiswahili si wachache tena huko. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale wamepelekwa Kentucky, Ohio, Texas, Idaho, Maine na kwingineko. Watanzania na Wakenya wamefuata masomo, kazi na bahati nasibu ya viza. Wengi wa wale waliotoka kambini walikuwa wakulima kabla hawajawa wakimbizi, na jambo la kwanza wanaloulizia baada ya shule ya watoto ni mahali pa kulima. Shirika la International Rescue Committee lina mradi wa bustani uitwao New Roots, na bustani yake ya San Diego ilitembelewa na Michelle Obama mwaka 2010. Kansas City kuna Juniper Gardens, ambako wakimbizi hufundishwa kulima kwa ajili ya soko. Lewiston, Maine, wapo Wabantu wa Somalia, na miongoni mwa Wabantu hao waliohamia Marekani kuna Wazigua, vizazi vya watu waliochukuliwa kutoka upande wa Handeni na Pangani karne ya 19 wakaishia Bonde la Juba. Leo wanalima mahindi katika jimbo ambalo theluji hulala ardhini miezi kadhaa.

Watu hawa hawahitaji kufundishwa kushika jembe. Wanachokosa ni kalenda.

Kalenda ya nyumbani hufuata mvua. Mkulima wa Kigoma huangalia mawingu ya mwezi wa kumi, wa Morogoro husubiri masika, wa Murang'a huhesabu mvua ndefu na mvua fupi. Kalenda ya Ohio haina habari na mvua, kwa sababu mvua huko imetawanyika mwaka mzima na maji yapo bombani. Yenyewe hufuata sakitu, ile baridi ya alfajiri inayogandisha umande juu ya majani. Wakulima wa Nyandarua na wa Makete wanaifahamu, lakini kwao ni balaa la usiku mmoja mmoja. Huko Ohio, sakitu ndiyo mwenye nyumba. Kuna tarehe mbili ambazo kila kitu katika bustani huzizunguka: sakitu ya mwisho ya majira ya kuchipua, na sakitu ya kwanza ya mapukutiko. Katikati yake ndimo mchicha, bamia, maharagwe na maboga yanamoishi. Minneapolis muda huo ni kama miezi mitano, kuanzia mwanzoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Huko Maine na Vermont wazee husubiri sikukuu ya Memorial Day, mwishoni mwa Mei, ndipo wapandikize nyanya.

Tarehe hizo zenyewe ni wastani wa hali ya hewa ya miaka 30. Mara nyingi maana yake ni kwamba katika nusu ya miaka sakitu ilikuja tena baada ya hapo. Mtu mwangalifu huongeza wiki mbili. Kitabu kinachosema "panda mwezi wa nne" bila kutaja ni wapi, kirudishe rafuni. Kizuri husema panda wiki mbili baada ya sakitu ya mwisho, kisha kikakuachia wewe utafute tarehe ya mji wako.

Katika tawi moja la maktaba huko Kentucky nilimkuta mama wa Kikongo na kijana wake, wa kidato cha kwanza hivi kwa kipimo chetu, wamekaa sakafuni mbele ya rafu ya 635. Hiyo ndiyo namba ya vitabu vya bustani katika mfumo wa Dewey, na ni namba ya kukariri, kwa sababu inafanya kazi katika karibu kila maktaba ya umma nchini humo. Kijana alikuwa anasoma, mama anahukumu.

"Mama, hiki kinasema nyanya zipandwe mwezi wa tatu."

"Kiliandikwa wapi?"

Kijana akageuza jalada la nyuma. "Mwandishi anakaa Texas."

"Rudisha. Mwezi wa tatu hapa tulikuwa na theluji. Lete kingine, mwanangu."

Mama yule hakuwa na Kiingereza cha kusoma kitabu, lakini alikuwa na swali ambalo wasomi wengi hawaliulizi. Kitabu cha bustani huandikwa mahali, kikaandikiwa mahali. Jina la nchi kwenye jalada halisaidii kitu. Marekani ni kubwa kiasi kwamba siku ambayo mtu wa Florida anang'oa nyanya zake za mwisho kwa sababu ya joto, wa Minnesota bado ana miche midogo.

Wala shida hii haikuanza na wakimbizi. Waingereza waliofika Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita walikuja na vitabu vya kwao, vikiwaelekeza kusia mbegu mwezi wa tatu na kufunika mawaridi yasiuawe na baridi. Wakakuta nchi isiyo na majira ya theluji, yenye mvua mara mbili kwa mwaka, na ambako bustani ya Mombasa haifanani hata kidogo na ya Nairobi iliyo mita 1,700 juu ya bahari. Vitabu vyao havikuwa na la kusema. Mwaka 1934 kampuni ya Longmans ikachapisha Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Dakta A. J. Jex-Blake, tabibu aliyehamia Kenya. Kiliandikwa na wanachama wa chama cha bustani cha Kenya pamoja na maofisa wa serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kilichapishwa tena na tena hadi miaka ya 1950, na baadaye kikabeba michoro ya Joy Adamson, kabla dunia haijamjua kwa ajili ya simba wake Elsa. Zanzibar nako R. O. Williams alitoa mwaka 1949 kitabu kinene cha mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Bado watafiti wanakitumia.

Vilikuwa vitabu vya mabwana, bila shaka. Aliyeshika ndoo ya maji na kujua ni lini mchwa watatoka hakuandikwa jina. Lakini jambo moja walilifanya sawasawa: hawakung'ang'ania kitabu cha London. Waliandika cha mahali walipo, na waandishi ni watu waliokuwa wamekwisha kupanda, wakaharibikiwa, wakapanda tena. Mkongo wa Louisville, Kentucky, anayetafuta kitabu leo yuko pale pale walipokuwa wao, tofauti ni kwamba yeye hana serikali nyuma yake wala chama cha bustani chenye mchapishaji.

Yeye ana ramani ya kanda. Karibu kila kitabu cha bustani cha Marekani hufungua kwa ramani hiyo, ambayo Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilianza kuitoa mwaka 1960 na kuihuisha mara ya mwisho mwaka 2023. Imeigawa nchi katika kanda 13, kila moja ikipishana na jirani yake kwa nyuzi 10 za Fahrenheit. Toleo la 2023 limetumia takwimu za miaka ya 1991 hadi 2020, na karibu nusu ya nchi imejikuta katika nusu kanda yenye joto zaidi kuliko ilivyokuwa katika toleo la 2012. Wageni huambiwa "jua kanda yako" kana kwamba ukishaijua umemaliza. La hasha. Namba ile inapima jambo moja tu: usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka unafika nyuzi ngapi. Ni habari muhimu kwa mtu anayepanda mti wa matunda au mzabibu, ambao lazima uishi hadi mwakani. Mchicha hauna mwakani. Unaota, unaliwa na kumalizika ndani ya miezi mitatu ya joto, na baridi ya Januari haiuhusu.

Mfano mzuri ni Seattle na miji ya kaskazini mwa Texas. Kwenye ramani namba zao zinakaribiana, kwa kuwa baridi yao ya chini kabisa haipishani sana. Lakini Dallas mwezi wa saba joto hupita nyuzi 35 za Selsiasi siku baada ya siku, na bamia huko hustawi hadi unachoka kuchuma. Seattle usiku wa kiangazi ni wa baridi, na bamia ile ile hudumaa ikabaki kimo cha goti. Kwa watu wa magharibi mwa Marekani kuna kitabu kilicholielewa jambo hili zamani, Western Garden Book cha jarida la Sunset, ambacho kiligawa majimbo ya magharibi peke yake katika kanda 24 kwa kuangalia pia joto la kiangazi, ukungu wa bahari, upepo na mwinuko. Kina uzito wa tofali na mboga zimepewa nafasi ndogo kuliko maua, lakini kwa anayeishi San Diego au Boise ndicho kitabu ambacho ningemwambia akitafute kwanza, hata kama ni nakala kuukuu ya dukani kwa mitumba.

Kwa walio kwingine, mwandishi wa karibu ni bora kuliko mwandishi maarufu. Kampuni ya Timber Press ilitoa mfululizo wa vitabu vya mboga kwa kila upande wa nchi, vikipangwa mwezi kwa mwezi. Cha kusini mashariki kiliandikwa na Ira Wallace, mama Mmarekani mweusi wa Virginia ambaye amefanya kazi ya mbegu kwa miaka mingi. Humo utakuta viazi vitamu, bamia, kunde na sukuma ya kusini vikizungumzwa kama vyakula vya nyumbani, si kama vioja. Mkenya asishangae kukuta watu wa kusini wakisubiri sakitu ipige sukuma ndipo waichume, wakisema inakuwa tamu zaidi. Ni kweli, na ndiyo mboga yetu isiyohitaji kubembelezwa huko. Kunde nazo zimejaa katika vitabu vya kusini, lakini ni punje tu wanazozitaja. Majani yake hawayaoni, kama wasivyoona majani ya maboga.

Tena kuna nyuma ya pakiti ya mbegu, ambayo nayo ni kitabu kidogo, na mtu asidharau kujifunza kuisoma. Kwenye pakiti nyingi kuna ramani ya nchi iliyopakwa rangi, kila rangi na mwezi wake wa kupanda. Chini yake kuna kina kwa inchi, na inchi moja ni sentimita mbili na nusu. Kuna joto kwa Fahrenheit, na inatosha kukumbuka mbili: 32 ni pale maji yanapoganda, na 50 ni nyuzi 10 za kwetu, ambazo chini yake bamia na matembele hununa. Halafu kuna siku za kukomaa, na hapo ndipo pana mtego. Kwa bamia na maharagwe, siku hizo huhesabiwa tangu mbegu ilipoingia ardhini. Kwa nyanya na pilipili, kwa kawaida huhesabiwa tangu mche ulipopandikizwa. Wiki sita hadi nane za kitalu hazimo. Anayesia mbegu za nyanya za siku 75 moja kwa moja shambani mwishoni mwa Mei atakutana na sakitu nyanya zikiwa bado za kijani.

Kitu ambacho vitabu vingi hukipita haraka ni urefu wa mchana, kwa sababu mwenyeji hahitaji kuelezwa. Kwetu karibu na Ikweta jua hutoka na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Minneapolis mwezi wa sita mchana unazidi saa 15. Mimea inahesabu saa hizo. Mbaazi za kienyeji hungoja usiku urefuke ndipo zitoe maua, kwa hiyo Ohio zitarefuka zipendeze, zije zichanue Septemba, na sakitu izikute hazijafunga punje. Vitunguu ni kinyume chake. Red Creole na Bombay Red, aina zinazolimwa sana Kenya na Tanzania, ni za mchana mfupi. Ukizipanda kaskazini mwa Marekani zitaanza kutengeneza kitunguu zingali changa na utavuna vitu vya ukubwa wa gololi. Kaskazini hutafutwa aina za mchana mrefu. Kabla ya kununua kitabu, fungua sura ya vitunguu. Kama mwandishi ameeleza tofauti hiyo na kusema aina zipi zinafaa wapi, anajua kazi yake. Kama amesema tu "panda vitunguu kwenye jua", mwache. Na jua lenyewe, huko huwa kusini. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuliona likihamahama juu ya kichwa atasoma "ukuta unaotazama kusini" asielewe umuhimu wake, hali ndipo mahali penye joto kuliko pote uani.

Lakini kitabu kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, hakiuzwi. Marekani wana mabwana shamba na mabibi shamba, ingawa wageni wengi hawajui. Sheria ya mwaka 1914 iitwayo Smith-Lever iliunganisha vyuo vikuu vya kilimo vya kila jimbo na ofisi za ugani katika wilaya, na ofisi hizo bado zipo. Hutoa vijitabu vya kupanda mboga vilivyoandikwa kwa jimbo husika, na vingi hupatikana bure kwenye intaneti. Chuo Kikuu cha Kentucky kwa mfano kina chapisho lenye namba ID-128, linalohusu mboga za nyumbani katika jimbo hilo. Lina majedwali ya tarehe za kupanda kwa sehemu ya mashariki, ya kati na ya magharibi ya jimbo, aina zilizojaribiwa, na wadudu wa huko. Halina picha za kupendeza wala mwandishi mwenye jina. Ningelichukua kabla ya vitabu kumi vya dukani. Kila jimbo lina la kwake. Wapo pia watu wa kujitolea waliofunzwa na ofisi hizo, mpango ulioanzia jimbo la Washington miaka ya 1970, ambao kazi yao ni kujibu maswali ya wenye bustani kwa simu na ana kwa ana. Unawapelekea jani lenye madoa, wanakuambia ugonjwa.

Ofisi hizo pia hupima udongo kwa ada ndogo. Anayelima uani kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi zenye risasi zilipigwa marufuku majumbani, asipande mboga karibu na ukuta kabla hajapima. Vitabu vya zamani havilisemi. Kama risasi ipo, mboga hupandwa kwenye masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo safi.

Hapo tumemaliza upande wa mahali. Upande wa mboga zenyewe hautamalizwa na kitabu cha Kentucky, kwa kuwa bwana shamba wa huko hajui mnavu. Kwa hiyo mgeni anahitaji vitabu viwili, kimoja cha hewa na kimoja cha chakula chake, na kazi ya kuviunganisha ni yake. Cha pili kinapatikana. Juzuu ya pili ya Lost Crops of Africa, iliyotoka Marekani mwaka 2006, inahusu mboga, na inasomwa bure kwenye tovuti ya wachapishaji wake. Humo mchicha umeandikwa kwa heshima inayostahili. Mwaka 2004 mradi wa PROTA wenye makao Wageningen, Uholanzi, ulitoa juzuu nzima ya mboga za Afrika, ambayo hutaja majina ya Kiswahili kando ya majina ya kisayansi. Kuna pia Traditional Food Plants of Kenya cha mwaka 1999, cha Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa, ingawa kukipata ughaibuni ni kazi.

Faida kubwa ya vitabu hivyo ni jina la kisayansi, kwa sababu ndilo linalofungua milango ya wauza mbegu. Mnavu wa majani mapana ni Solanum scabrum. Mmea huo huo huuzwa Marekani kama tunda la kutengenezea jemu, na hakuna anayekuambia kwamba majani yake ni mboga. Ununue kwa jina hilo, na kamwe usichume mnavu unaoota ovyo pembeni mwa barabara kwa kudhani ni ule wa nyumbani, maana ndugu zake wengine ni sumu. Mlenda wetu mmojawapo, Corchorus olitorius, huuzwa katika maduka ya Waarabu kama molokhia. Mchicha wa kula unapatikana kwa Wajamaika kwa jina la callaloo na kwa Wachina kwa majina yao, na kwa kuununua huko unaepuka ugomvi na sheria za magugu. Nyanya chungu, Solanum aethiopicum, zilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Brazili, zikaitwa jiló. Wabrazili wakazipeleka Massachusetts, ambako Profesa Frank Mangan wa chuo kikuu cha jimbo hilo alitumia miaka mingi kutafiti mboga za wahamiaji. Maelekezo waliyoandikiwa Wabrazili yanamfaa Mtanga bila kubadilisha neno. Huko Maryland kuna Ujamaa Seeds, ushirika wa mbegu ambao jina lake halihitaji maelezo, na wao wanazo mbegu nyingi za kwetu.

Nasisitiza kununua kwa sababu nyingine. Mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la safari lazima zitajwe forodhani, na zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA ukitokea Tanzania au KEPHIS ukitokea Kenya. Kwa mbegu kidogo kuna kibali maalumu cha Wizara ya Kilimo ya Marekani ambacho huombwa mapema. Pingili za muhogo na marando ya viazi usithubutu. Muhogo wenyewe, isipokuwa uko Florida ya kusini au mahali kama hapo, hautakupa mizizi, kwa vile unataka miezi minane na kuendelea ya joto. Utakupa kisamvu cha kiangazi kimoja. Matembele hayana shida hiyo: marando huuzwa Mei katika maduka ya miche, na majani huanza kuchumwa baada ya wiki chache, wakati wenyeji wanasubiri viazi.

Walio Uingereza wana neema ya aina yake na mtego wa aina yake. Neema ni kwamba vitabu vya kwao, kama mfululizo wa Dakta D. G. Hessayon uliouzwa kwa mamilioni ya nakala, vinafaa karibu nchi nzima, kwa sababu nchi ni ndogo na hewa yake haina makali. Mtego ni kwamba kiangazi chao hakina joto la kutosha. Mahindi ya kuchoma Leicester yanawezekana, bamia bila banda la vioo ni ndoto. Wawaombe wenzao wa Marekani joto, na wao wanunue kitabu cha Joy Larkcom kuhusu mboga za Asia, kilichotoka mwaka 1991, ambacho kinaeleza majani ya kuliwa kwa undani nadra kuukuta kwa Mzungu. Na vitabu vya Uingereza visinunuliwe na mtu aliye Texas, hata kama vimepigwa bei.

Kilichobaki hakiwezi kuandikwa na chuo kikuu chochote. Yupo mtu Louisville aliyekwisha kujua ni wiki gani ya kusia lengalenga, amejua pilipili mbuzi inataka kuatikwa ndani ya nyumba mwezi wa pili, na amejua ni mahindi gani meupe yanayowahi sakitu. Yupo mwenziwe Portland, mwingine Edmonton, mwingine Leicester. Maarifa hayo yako vichwani na kwenye sauti za WhatsApp zinazofutika. Wayaandike, kwa Kiswahili chao cha Bukavu au cha Tanga, vyovyote. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi hawataona soko hapo, na sitawalaumu. Vijitabu hivyo vitapigwa chapa na makanisa, misikiti na vyama vya wahamiaji huko huko. Kurasa ishirini zinatosha, mradi jalada liwe na jina la mji na tarehe ya sakitu yake ya mwisho.